Soda ya Moto kwa Mheshimiwa

Mjane alivipanga vitu vya mumewe mstari mmoja juu ya meza ya Inspekta, kama mtu anayepanga sahani zikauke. Saa ya mkononi. Simu iliyopasuka kioo. Kitambaa cha jasho. Hedifoni kubwa nyeusi, sikio la kushoto limezungushiwa utepe wa gundi. Shati la bluu lililokunjwa. Akavitazama kimoja kimoja, kisha akaanza upya tangu mwanzo.

"Funguo ziko wapi?"

"Funguo zipi, mama?" aliuliza Inspekta.

"Za nyumbani. Tatu kwenye pete moja, na kifungulio cha chupa. Zangu nilizipoteza mwezi uliopita, tukawa tunatumia zake. Alikuwa ananipitia kazini jioni, tunarudi pamoja. Jumatatu nilimsubiri mpaka nikaletewa habari. Jirani ndiye aliyevunja kitasa ili waombolezaji wapate pa kukaa."

Inspekta alikuwa amezikagua zile ngazi kwa mikono yake mwenyewe, kidato kwa kidato, na chini yake pia. Hakuona funguo.

Mumewe alikuwa fundi wa sauti kwenye kituo cha televisheni. Kazini walimwita Masikio, na jina likamfuata hadi nyumbani. Jumatatu saa nane mchana mlinzi alimkuta amekufa nyuma ya jengo, chini ya ngazi za nje, ghorofa nne kwenda chini. Leo ilikuwa Alhamisi, na faili lilikuwa na neno moja tu la maana: alijiua.

"Na hili shati," mjane alisema, akalikunjua. "Lilikuwa zima. Nililipiga pasi mwenyewe. Tazama viwiko."

Viwiko vilikuwa vimechanika, vina vumbi jeupe la sementi. Inspekta alikwishaviona. Daktari naye alikwishaviandika.

"Afande, nikwambie kitu. Asubuhi ile tuligombana. Alimwahidi mtoto atakwenda kwenye kikao cha shule, mara anasema kuna mahojiano ya Waziri, hawezi. Nikamwambia, 'Nenda, na usirudi.' Nilisema kwa sauti, mtaa mzima ulisikia. Sasa karatasi yenu inasema alijiua. Shemeji zangu wamechukua maneno yangu na karatasi yenu, wakajumlisha. Jana mazikoni tulikuwa watu kumi na wanane tu. Nimewahesabu."

"Na mtoto?"

"Mtoto ana miaka tisa. Haongei. Kazi yake ni kufungua friji na kulifunga. Hali kitu. Anafungua, anachungulia, anafunga. Nimemgombeza mpaka sauti imekauka."

Inspekta aliandika kwenye daftari: funguo tatu, kifungulio cha chupa. Habari za friji hakuziandika. Watoto waliofiwa hufanya mambo mengi. Aliomba kubaki na hedifoni kwa siku moja zaidi, na mjane akaridhia.

Mlangoni alikutana na Mkuu wake.

"Faili lile lifungwe kesho kabla ya saa sita," Mkuu alisema. "Mtu ameacha barua. Unatafuta nini tena?"

"Funguo, afande."

"Funguo! Mtu anayekwenda kujiua anazitaka za nini?"

"Asingezitaka, angeziacha mahali. Nyumbani hazipo, mwilini hazipo, kwenye ngazi hazipo. Na daktari anasema aliishi muda baada ya kuanguka."

"Madaktari hukisia." Mkuu alitazama saa yake. "Kesho saa sita."

*

Mkurugenzi wa habari alimpokea Inspekta kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mwembamba wa miaka hamsini hivi, tai imekaza shingo, macho mekundu. Juu ya meza yake kulikuwa na chupa ya maji ya Kampuni, na ukutani kalenda ya Kampuni, na hata kalamu aliyoishika ilikuwa na nembo hiyo hiyo. Kampuni ilikuwa mdhamini wa taarifa ya habari. Ilitengeneza maji ya chupa na soda.

"Mimi na Masikio tulianza kazi siku moja," alisema. "Tulikuwa wabeba nyaya. Alilala kwangu, nikalala kwake. Usinione nimekaa hapa, dada yangu. Nimekatika mkono."

"Pole sana. Nisaidie na saa tu, nisikosee kuandika. Mahojiano ya Waziri yalianza saa ngapi?"

"Saa tano. Yakaisha saa saba na nusu. Tulirekodi, tukayarusha jioni."

"Fundi wa sauti alikuwa yeye, mwanzo hadi mwisho?"

"Mwanzo hadi mwisho. Imeandikwa." Akasukuma karatasi ya kazi ya siku ile. Penye sauti palikuwa na jina moja. "Alipomaliza, akaniletea barua ya kuacha kazi. Nikaipiga muhuri mimi mwenyewe, saa saba na nusu. Nikamwambia nenda kapumzike, tutaongea. Saa nane..."

Barua ilikuwa na mistari mitatu ya kuchapwa. Nimechoka. Naomba mnisamehe. Asanteni kwa yote. Haikuwa na sahihi.

"Hakutia sahihi?"

"Mtu mwenye hali ile atakumbuka sahihi?"

Mlango ulifunguliwa bila kubishwa. Aliingia mwanamke kijana aliyevaa rangi za Kampuni, simu mbili mkononi. Wafanyakazi walimwita Dada Chupa, ila si mbele yake. Alikuwa afisa uhusiano wa Kampuni, na kila asubuhi alikaa kwenye kikao cha habari kama mgeni mwalikwa, ingawa hakuna aliyekumbuka nani alimwalika.

"Bado tu jambo hili?" alimuuliza Mkurugenzi, kisha akamwona Inspekta, akabadilisha sura. "Ah, pole na kazi, afande. Nikuletee soda? Baridi kabisa."

"Baadaye. Nionyesheni kwanza studio."

Studio ilikuwa ndogo kuliko inavyoonekana kwenye televisheni. Viti viwili, meza ya kioo, kamera tatu zilizofunikwa. Nyuma ya kiti cha mgeni, mahali ambapo kamera lazima ipaone, lilisimama friji la Kampuni lenye mlango wa kioo, limejaa chupa, linawaka taa kama duka la dhahabu. Kwenye meza ya sauti, pembeni, begi la kinasa sauti lilikuwa limetundikwa. Mkanda wake ulikuwa umekatika na kufungwa fundo.

"Mkanda huu?"

"Wa zamani," alijibu Mkurugenzi haraka. Simu yake ikalia, akatoka kuipokea. Dada Chupa akamfuata.

Alibaki mama mmoja mnene, kanga kiunoni, anakusanya vikombe. Alikuwa ndiye Mama Chai wa kituo, amekula chumvi nyingi pale kuliko kamera zote.

"Mwanangu, wewe ndiye unayeshughulikia ya Masikio?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Mungu amrehemu. Ndiye pekee aliyekuwa ananirudishia kikombe jikoni. Wengine hapa ni wakubwa, vikombe vinatembea vyenyewe."

"Siku ile ulikuwepo, mama?"

"Nilikuwepo na nikaaibika. Waziri mzima anapewa soda ya moto! Nilimfungulia mwenyewe, akanywa funda moja, akaniuliza, 'Mama, hii ni soda au chai?' Nilitamani ardhi ipasuke."

"Kwa nini ilikuwa ya moto?"

"Friji lilikuwa limezimwa."

"Lakini taa inawaka."

"Taa ina waya wake, hiyo haizimwi, ndiyo tangazo lenyewe. Mashine ndiyo aliyokuwa anaizima Masikio. Inavuma. Wewe huisikii, mimi siisikii, yeye ilikuwa inamla. Kila wakirekodi anachomoa, wakimaliza anachomeka."

"Hakuwahi kusahau kuchomeka?"

Mama Chai alitabasamu, na machozi yakamtangulia. "Mwaka wa kwanza alisahau, soda zikalala bila baridi, Kampuni ikaja juu. Toka hapo akawa anaweka funguo zake za nyumbani humo ndani, nyuma ya chupa. Mtu akitaka kwenda kwake si lazima azifuate? Akizifuata anakumbuka kuchomeka. Mafundi wenzake walimcheka, mwisho wakaiga."

Inspekta hakuandika chochote. Alikwenda kwenye friji, akafungua, akapiga magoti. Alitoa chupa za safu ya chini moja moja na kuzisimamisha sakafuni. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Nyuma ya ya kumi na nne kulikuwa na pete ya funguo tatu na kifungulio cha chupa. Alizishika kwa kitambaa. Zilikuwa baridi kama barafu.

"Yesu na Maria," alinong'ona Mama Chai. "Siku zote hizo?"

"Kwa nini hukumwambia mtu?"

"Nani aliniuliza habari za funguo? Mimi naulizwa chai tu."

"Leo friji linavuma. Jumatatu nani alilichomeka?"

"Dada Chupa. Nilimwona kwa macho yangu, nilipoleta chai ya pili. Saa saba kasoro kidogo. Alisema soda ya Kampuni haiwezi kuwa ya moto mbele ya Waziri."

"Na Masikio alikuwa wapi akiachia hilo lifanyike?"

Mama Chai alifikiri. "Kitini pake hakuwepo. Alikaa yule kijana wa taa."

*

Chumba cha kuhariri kilikuwa na kiti kimoja. Inspekta alivaa hedifoni za marehemu, akaomba mahojiano yachezwe kama yalivyorushwa. Utepe wa gundi ulimkwaruza sikio.

Dakika nane za kwanza sauti ilikuwa safi kabisa. Alisikia mtangazaji akivuta pumzi, alisikia koti la Waziri likisugua kiti. Halafu swali jipya: Mheshimiwa, wananchi wanasemaje kuhusu miradi ya maji iliyofadhiliwa na Kampuni? Hapo hapo, chini ya maneno, ulianza mvumo. Mdogo, haukatiki, kama nyuki aliyefungiwa kopo. Uliendelea mpaka mwisho.

Alirudisha nyuma mara tatu. Aliandika dakika.

Kisha akamwita mtangazaji.

Alikuwa binti wa miaka thelathini, uso unaojulikana nchi nzima, na leo hakuwa amejipaka kitu. Inspekta aliweka funguo mezani ndani ya mfuko wa ushahidi. Mtangazaji alizitambua. Akaanza kulia kimya kimya.

"Nadhani ulimgombeza siku ile," Inspekta alisema. "Watu wamesikia unapiga kelele."

"Nilipiga kelele, lakini si kwake. Nilikuwa upande wake, afande, kwa dakika tano. Halafu nikakaa chini nikasoma nilichopewa."

"Kabla ya swali la miradi ya maji, uliuliza lipi?"

Alifuta pua kwa mkono. "Kuna mtaa nyuma ya kiwanda cha Kampuni. Bomba lao linatoa maji ya rangi. Watoto wanaumwa. Nilimuuliza Waziri, 'Wewe ungempa mwanao maji yale?' Tulikuwa tumekubaliana nisiulize. Nikauliza."

"Akajibu nini?"

"Nadhani alijisahau. Akasema, 'Hapana. Mwanangu nisingempa.' Basi. Dada Chupa akasimama nyuma ya kioo, akaingia, akasema kipande hicho kikitoka, udhamini umekwisha leo. Waziri naye akasema afadhali tuanze upya. Mkurugenzi akamwambia Masikio afute."

"Na yeye?"

"Alivua hedifoni, akatoa kadi kwenye kinasa, akaitia kwenye begi. Akasema, 'Mimi kazi yangu kunasa. Sifuti.' Akasema anakwenda kuipeleka kwa mwenyekiti wa bodi mwenyewe, jengo la pili, atarudi tuendelee. Alipofika mlangoni akageuka, akasema, 'Msiguse friji.'" Mtangazaji alifunika uso. "Ndiyo maneno yake ya mwisho. Nilicheka."

"Saa ngapi?"

"Saa sita kasoro robo. Alitokea ngazi za nyuma, ndiyo njia fupi. Mkurugenzi akamfuata. Akarudi baada ya robo saa, peke yake, ameloa jasho, begi mkononi. Akasema Masikio ameacha kazi. Saa saba tukaendelea."

"Ukaamini?"

"Nilitaka kuamini," alisema, na hiyo ndiyo iliyoandikwa.

*

Inspekta alimkuta Mkurugenzi amekaa peke yake studio, kwenye kiti cha mgeni. Dada Chupa alikwishaondoka na gari lake. Hilo halikuwa na shida, anwani yake ilichapwa kwenye kila chupa.

Aliweka mfuko wa funguo kwenye meza ya kioo.

"Zilikuwa wapi?" aliuliza Mkurugenzi.

"Unajua zilikuwa wapi. Nyinyi mlibeba nyaya pamoja."

Alilitazama friji. "Tangu Jumatatu," alisema. "Nimekaa humu kila siku, zikiwa hapo."

"Saa saba na nusu hakukuletea barua. Toka saa saba mashine hii ilikuwa inavuma kwenye kinasa chenu, na Masikio asingevumilia hata sekunde moja. Hakuwepo kwenye kiti chake. Barua uliandika wewe. Niambie ya kwenye ngazi."

Mkurugenzi alilegeza tai.

"Nilimwita, hakusimama. Nikamwambia, 'Ndugu yangu, watu sitini wanakula kupitia mdhamini yule, na wewe mmojawapo.' Akasema, 'Na wale watoto wanakunywa.' Nikashika mkanda wa begi. Mkanda tu, Inspekta. Akavuta, nikavuta. Ukakatika. Mimi nikaanguka nyuma na begi. Yeye akaenda upande wa pili, akapinduka juu ya chuma cha ngazi."

"Ukashuka?"

"Nilichungulia. Hakutikisika. Nikajua amekwisha."

"Nimekuuliza, ulishuka?"

"Sikushuka."

Inspekta alitoa karatasi ya daktari mfukoni, akaifungua, akaigeuzia upande wake. "Viwiko na magoti yamechubuka. Vumbi la sementi ndani ya kucha. Alijivuta hatua kumi na moja kuelekea mlango wa walinzi. Pale nyuma mashine za viyoyozi zinanguruma mchana kutwa, hakuna ambaye angemsikia. Daktari anasema aliishi kama saa moja na nusu."

Mkurugenzi alihesabu. Ilionekana usoni mwake kwamba anahesabu. Saa sita, saa saba, saa saba na nusu.

"Tulikuwa tunarekodi," alisema.

"Mlikuwa mnarekodi."

Alitoa sauti ambayo Inspekta aliwahi kuisikia mochwari tu. Kisha akatia mkono mfuko wa ndani wa koti, akatoa kadi ndogo nyeusi, akaiweka kando ya funguo.

"Sikuifuta," alisema. "Nilijaribu mara mbili. Sikuweza."

"Simama, mzee. Twende."

*

Nyumba ya mjane ilikuwa na kitasa kipya, bado kinang'aa, na mlangoni kovu la pale kilipong'olewa cha zamani. Jua lilikuwa limeanza kulegea. Inspekta alikaa kwenye kiti alichopewa, kofia mapajani, akaeleza yote kwa mpangilio, swali, kadi, mkanda, barua. Alisema neno alijiua limeshafutwa kwenye faili na Mkuu ametia sahihi.

Mjane alisikiliza bila kumkatiza. Mwisho aliuliza jambo moja.

"Alikufa pale pale?"

Inspekta aliigeuza kofia. Mama huyu alikuwa na mengi ya kubeba, na kipande hicho kingeweza kukatwa bila mtu kujua, angalau mpaka siku ya mahakama.

"Hapana, mama," alisema. "Kama saa moja na nusu. Alijivuta kutafuta msaada."

Mjane aliinamisha kichwa. Mkono wake ukawa unaisugua meza mahali pamoja.

"Mtoto asiambiwe hilo leo," alisema hatimaye.

"Leo asiambiwe."

Mtoto mwenyewe akatokea chumbani, sare ya shule bado mwilini. Alisalimia kwa kuinama, akapita moja kwa moja hadi kwenye friji dogo la pembeni. Akafungua, akachungulia nyuma ya chupa ya maji.

"Wewe mtoto jamani," mama yake alianza.

"Mwache," alisema Inspekta. Alitoa mfuko wa ushahidi. "Binti, unatafuta hizi?"

Msichana aligeuka. Mlango wa friji ukabaki wazi, mashine ikavuma.

"Zilikuwa kwenye friji?"

"La kazini."

"Mimi nilikuwa naangalia hili la hapa." Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza kutoka kwake tangu Jumatatu, na ilitoka kama ya mtu anayeomba msamaha kwa kukosea. "Baba akinirekodi nikisoma anazima friji, anaweka funguo ndani. Anasema zikiwa humo hawezi kwenda mbali, lazima atazirudia."

Mjane aliziba mdomo kwa kiganja.

"Kwa hiyo alikuwa anarudi?" aliuliza msichana.

"Alikuwa anarudi," alisema Inspekta.

"Naweza kuzishika?"

Ushahidi haushikwi na mtu. Inspekta alimpa, ndani ya mfuko wake. Msichana aliziweka shavuni, akafumba macho.

"Hazina baridi tena," alisema.

Mama yake akainuka, akaenda kulifunga friji taratibu. Hakumgombeza.